Koili ya gari la zamani: pima kwanza, badilisha baadaye

Gari la zamani likigoma njiani, koili ndiyo huhukumiwa kwanza. Boneti inafunguliwa, mtu anaigusa koili, anaona imepata joto, anasema "hii imekufa," na mwenye gari anatumwa dukani. Anarudi na koili inayofanana na ile kwa umbo na rangi, inafungwa, gari linawaka. Baada ya wiki chache pointi, yaani vile vibati vinavyounga na kukata umeme wa koili, zimeungua, au koili mpya imepasuka. Na ile ya kwanza huenda haikuwa na ubaya wowote. Kilichokosekana ni multimita na nusu saa ya utulivu.

Ninaandika kwa ajili ya wenye magari yanayotumia distributa, pointi na koili moja ya duara: Land Rover za Series, Volkswagen Beetle, Peugeot 404 na 504, Datsun na Corolla za miaka ya 1970. Mfano wangu mkuu ni Land Rover Series yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Bado zipo nyingi mashambani na porini, na umeme wake ni mchache kiasi kwamba mtu makini anaweza kuukagua wote kwa asubuhi moja.

Koili inafanya nini

Ndani ya lile kopo la chuma kuna moyo wa mabati membamba yaliyopangwa pamoja, umezungushiwa misokoto miwili ya waya wa shaba. Msokoto mmoja ni wa waya mnene, mizunguko mia chache tu. Wa pili ni wa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu, karibu mara mia ya ule wa kwanza. Pointi za distributa zikigusana, moto wa betri, yaani umeme wake, hupita kwenye msokoto mnene na ule moyo unageuka sumaku. Pointi zikiachana, sumaku inaporomoka ghafla, na msokoto mwembamba unatema volti 15,000 hadi 25,000. Hizo ndizo zinazopita kwenye waya mkuu, zikaingia kwenye kifuniko cha distributa, rota ikazigawa, na kila plagi ikapata cheche yake kwa zamu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hili linafanyika mara 100 kila sekunde.

Utaratibu huu ulibuniwa na Charles Kettering wa Delco, Marekani, na Cadillac wakaufunga kwenye magari yao mnamo 1910 hivi. Ulidumu zaidi ya miaka 60 bila kubadilika sana. Peugeot 404 iliyoendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, watu wa Tanzania, ilishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967, ikipita matope na vumbi kwa koili na pointi za namna hii hii. Kwa hiyo anayekwambia kwamba umeme wa zamani hautegemeki, mwulize mara ya mwisho alisafisha pointi lini.

Kopo la koili nyingi za enzi hizo limejaa mafuta. Mafuta hayo yana kazi mbili: kuzuia umeme usiruke kutoka waya hadi waya, na kuchukua joto la ndani kulipeleka kwenye bati la nje. Ndiyo maana koili inayovuja mafuta, hata kama leo inatoa cheche nzuri, safari yake imefika mwisho.

Yanayoiua koili

La kwanza ni swichi ya ufunguo iliyoachwa wazi, yaani imewashwa, huku injini imezimwa. Kama injini imesimama mahali pointi zimegusana, moto unapita kwenye koili mfululizo bila kukatwa. Watu husikiliza redio, au fundi anahangaika na taa huku swichi ipo wazi, na koili inachemka kimya kimya. Mafuta yakitanuka vya kutosha, kopo linafumuka.

La pili watu wengi hawalifikirii: plagi zilizochoka. Mwanya wa plagi unavyopanuka, koili inalazimika kupandisha volti zaidi ili cheche iruke. Vivyo hivyo waya wa plagi uliokatika kwa ndani. Umeme usipopata njia ya kawaida hutafuta nyingine, na njia ya karibu ni kupasua kihami, kile kinachozuia umeme usivuje, ndani ya koili yenyewe. Plagi nne ni bei ndogo kuliko koili, kwa hiyo ukiwa mvivu wa kubadilisha plagi, utalipia pengine.

La tatu ni koili isiyo ya gari hilo. Hili nitalirudia hapo mbele kwa kirefu, maana ndilo linalotesa watu zaidi.

Kisha kuna hewa yetu. Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, chumvi ya baharini hula tamino, zile sehemu za kuungia nyaya, mpaka zinaota ukungu wa kijani. Bara, vumbi laini hukaa juu ya kichwa cha koili, na asubuhi yenye umande vumbi hilo linageuka njia ya umeme.

Vifaa

Multimita ya kawaida inatosha, ilimradi inapima omu ndogo, yaani ukinzani wa waya, na volti. Ongeza bisibisi, spana za kishikio cha koili na tamino zake, fila geji ya kupimia mianya, msasa laini, plagi moja nzima ya akiba, na waya mfupi wenye vibanio pande zote mbili. Kitambaa kikavu. Basi.

Na tahadhari. Volti za koili zinaweza kukurusha mkono ukagonga feni inayozunguka. Majeraha mengi hutokea hivyo. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asikaribie kabisa kazi hii. Usijaribu cheche karibu na kabureta inayovuja au chupa ya petroli iliyo wazi.

Hatua ya kwanza: tazama kwa macho

Swichi ikiwa imezimwa, chomoa waya mkuu kwenye koili uangalie kichwa chake, ile sehemu nyeusi au ya kahawia waya unapoingia. Kifute kwa kitambaa kikavu, kisha ukikague kwenye mwanga mzuri, ukigeuza kichwa chako pande zote. Unatafuta mstari mwembamba, mweusi au wa kijivu, unaotoka kwenye tundu la katikati kuelekea tamino mojawapo au ukingo wa bati. Unafanana na alama ya penseli, lakini haufutiki. Hiyo ni njia ambayo umeme umeshaichoma, na utaendelea kuipita kila mara hewa ikiwa na unyevu. Kuna wanaoikwangua kwa kisu na kupaka rangi ya kucha. Itakufikisha nyumbani, ila usiiite matengenezo.

Ndani ya tundu lenyewe angalia kama shaba inang'aa au imejaa unga mweupe au wa kijani. Unga ukiwa mwingi, waya haugusi vizuri na cheche inaruka mara mbili: mara moja hapo, mara moja kwenye plagi. Safisha kwa msasa uliokunjwa kwenye kijiti.

Pitisha kidole kwenye mshono wa kopo. Mafuta? Imekwisha. Kopo limevimba? Imekwisha pia.

Hatua ya pili: je, moto unafika?

Sehemu hii ndiyo inayookoa koili nyingi zisizo na hatia. Weka multimita kwenye volti 20. Maelezo haya ni ya gari lenye ethi hasi, yaani bodi limeungwa kwenye hasi ya betri. Kama lako ni ethi chanya, geuza ncha za mita na mantiki inabaki ile ile.

Fungua kifuniko cha distributa, zungusha injini kwa mkono mpaka pointi zimeachana. Washa swichi. Pima kati ya ethi na tamino ya koili inayotoka kwenye swichi: unatakiwa kupata volti za betri, 12 na ushei. Pima tena hapo hapo pointi zikiwa zimegusana: ukipata 9 au 10, na gari lako halina rezista (kipande cha nje kinachopunguza umeme kabla ya koili), kuna mahali kabla ya koili panakula moto. Mara nyingi ni swichi ya ufunguo iliyochakaa au kiungo cha waya kilicholegea. Koili mpya hapo haitakusaidia kitu.

Sasa pima tamino ya pili, ile inayokwenda kwenye distributa. Pointi zikiwa zimeachana, hapa pia upate volti 12 zile zile, kwa sababu hakuna moto unaotembea. Zungusha injini mpaka pointi zigusane: volti zishuke karibu na sifuri, chini ya 0.3. Zikibaki juu, kwa mfano volti 2, pointi ni chafu au ethi ya distributa ni mbovu.

Na kama tamino ya pili inasoma sifuri hata pointi zikiwa zimeachana? Hapo wengi wanakata shauri kwamba koili imekatika. Subiri. Chomoa ule waya mwembamba unaokwenda kwenye distributa, kisha pima tena pale kwenye tamino. Volti 12 zikijitokeza, koili iko salama. Kuna shoti ndani ya distributa, ama kondensa, kile kikopo kidogo cha pointi, imekufa, ama waya wa pointi umechubuka na kugusa chuma. Zisipojitokeza, msokoto mnene umekatika kweli, na koili ibadilishwe.

Ukimaliza, zima swichi. Usiiache wazi unaposoma hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: cheche ya koili yenyewe

Chomoa waya mkuu pale katikati ya kifuniko cha distributa, uache umeungwa kwenye koili. Mwisho wake uunge kwenye ile plagi ya akiba, na mwili wa plagi ubanwe kwa waya wenye vibanio mpaka kwenye chuma kisafi cha injini. Usishike kitu chochote kwa mkono. Mwambie mwenzako apige stata.

Cheche nzuri ni ya buluu inayokaribia weupe, inasikika ikipiga tak-tak-tak, na inaonekana hata kivulini mchana. Cheche ya njano au nyekundu, nyembamba, isiyo na sauti, ni dhaifu. Usijaribu kwa kuacha waya mkuu ukining'inia hewani bila plagi ili uone cheche itaruka umbali gani. Ndiyo michezo ya gereji inayopasua kihami cha ndani.

Cheche kali hapa, lakini gari halina cheche kwenye plagi zake: koili haihusiki, nenda kwenye rota, kifuniko na waya za plagi. Cheche dhaifu: kabla ya kugusa koili, badilisha kondensa kwanza. Kondensa ya uwezo wa takriban maikrofaradi 0.2 ndiyo inayofanya sumaku iporomoke haraka. Ikichoka, cheche ya plagi inapoa na pointi zinaruka cheche zenyewe mpaka zinafanya shimo upande mmoja na kilima upande wa pili. Tazama pointi zikifanya kazi kwenye kivuli. Cheche ndogo sana ni kawaida. Ukiona mwako mkubwa wa buluu au njano, shitaki kondensa.

Hatua ya nne: omu

Betri ichomolewe, na nyaya zote za koili zitolewe. Kwanza gusisha ncha mbili za multimita pamoja usome inaonyesha ngapi, labda 0.3. Namba hiyo itoe kwenye kila kipimo kidogo. Watu hukosea hapa, kisha wanabishana kuhusu koili ya 3.0 na ya 3.3 wakati tofauti yote ni ya waya za mita.

Pima kati ya tamino mbili ndogo. Koili ya volti 12 isiyotumia rezista inasoma karibu omu 3. Inayotumia rezista ya nje inasoma karibu omu 1.5. Chini ya omu 1, yaani 0.4 hadi 0.8, ni koili ya mifumo ya elektroniki ya baadaye na haina kazi kwenye pointi zako.

Kisha pima kati ya tundu la waya mkuu na mojawapo ya tamino ndogo. Koili nyingi za aina hii husoma kati ya omu 5,000 na 12,000. Mita isiposoma chochote, msokoto mwembamba umekatika. Mwisho, pima kati ya tamino ndogo na bati la kopo: mita isisome kitu kabisa.

Ukipima koili ikiwa bado ya moto, namba zitapanda, na si ugonjwa. Shaba huongeza ukinzani kiasi cha asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili iliyosoma 3.0 ikiwa baridi kwenye nyuzi 25 itasoma karibu 3.6 ikifika nyuzi 75.

Ila namba nzuri za omu hazitoshi kuitakasa koili. Multimita inapima kwa volti chache tu, na kihami kilichopasuka kinajitokeza pale volti zinapofika maelfu. Kwa hiyo omu mbaya zinahukumu, omu nzuri hazisamehi. Hukumu ya mwisho ni cheche, na koili ikiwa ya moto.

Gari linalozima likipata joto

Huu ndio ugonjwa unaochosha zaidi. Gari linawaka vizuri asubuhi, linatembea nusu saa, linaanza kumisi, linazima. Ukingoja likapoa, linawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Njiani watu hufunga kitambaa kibichi kwenye koili, gari linawaka, na kila mtu anakubali kwamba ni koili.

Inawezekana ni koili kweli. Msokoto ukipata joto hutanuka na kuachana pale ulipochoka. Lakini petroli inayogeuka mvuke ndani ya pampu au mpira kwenye jua kali inatoa dalili hizo hizo hasa, na ule muda wa kufunga kitambaa ndio uliopoza pampu pia. Namna ya kutenganisha ni moja: gari likizima tu, usingoje. Hapo hapo fanya hatua ya tatu. Cheche ipo na ni kali? Tafuta kwenye petroli. Hakuna cheche, na volti zipo kwenye tamino zote mbili kama nilivyoeleza? Sasa koili au kondensa, na kondensa ni ya bei ndogo, anza nayo.

Kununua: linganisha omu, siyo rangi

Koili karibu zote za duara zinafanana. Kipenyo kile kile, tamino mbili, tundu katikati. Muuzaji akikwambia "zote zinaingia," anasema kweli: zinaingia. Kuingia si kufaa.

Fanya hesabu. Gari likitembea, altaneta inapandisha volti hadi 14. Koili ya omu 3 itapitisha 14 gawanya kwa 3, kama ampea 4.7. Pointi zinazimudu. Koili ya omu 1.5 bila rezista itapitisha ampea 9 na zaidi. Gari litawaka kwa raha, cheche itakuwa ya kupendeza, na mwenye gari atashukuru. Pointi zitageuka buluu, koili itachemka, na safari itaishia mahali pasipo na duka.

Kinyume chake nacho kipo. Ukifunga koili ya omu 3 kwenye gari lenye rezista yake, koili haitaungua, lakini cheche itakuwa hafifu, gari litasumbua kuwaka na kumisi likipanda mlima.

Je, gari lako lina rezista? Kwenye Toyota na Datsun nyingi za miaka ya 1970 utaona kipande cheupe cha kauri kimefungwa kwenye kishikio cha koili, hicho ndicho. Kwenye baadhi ya magari ya Ford na British Leyland ya wakati huo haionekani kabisa, kwa sababu ni waya maalumu uliofichwa ndani ya shada la nyaya. Hapo ndipo kipimo cha hatua ya pili kinasaidia: pointi zikiwa zimegusana na swichi wazi, tamino ya upande wa swichi ikisoma volti 6 hadi 8 badala ya 11 au 12, rezista ipo. Shabaha yake ni kwamba wakati wa stata, betri inaposhuka hadi volti 9 au 10, waya mwingine unaruka rezista na koili inapata moto wote. Usiitoe kwa kudhani ni takataka iliyoachwa na fundi aliyepita.

Ukienda kununua vipuri Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, chukua multimita mfukoni. Muuzaji mwenye mali nzuri hakatai upime kaunta kwake. Soma maandishi ubavuni: koili ya kutumiwa na rezista ya nje mara nyingi imeandikwa hivyo. Ishike uone uzito wake. Kopo lililojaa chuma, shaba na mafuta linalemea mkono. Na usidharau koili iliyotumika. Koili ya zamani ya Lucas au Bosch iliyotoka kwenye gari lililosimama, ikiwa haivuji na vipimo vyake vimekaa sawa, mimi naichagua mbele ya mpya isiyojulikana ilikotoka.

Wenye Beetle za kabla ya 1967 wawe waangalifu: nyingi zilikuwa za volti 6. Kama gari halijageuzwa kuwa la volti 12, koili iwe ya volti 6.

Kufunga

Piga picha ya nyaya kwa simu kabla ya kugusa kitu. Chomoa waya wa ethi kwenye betri kwanza, upande wowote ambao ni ethi kwenye gari lako. Legeza skrubu ya kishikio, toa koili, na usafishe chini ya kishikio mpaka uone chuma. Koili inapoza joto lake kupitia hapo, na rangi nene au matope yanalizuia. Kama mahali pa asili ni karibu sana na bomba la ekzosi kutokana na matengenezo ya watu waliopita, ihamishe. Kwenye Beetle inakaa juu ya nyumba ya feni karibu na dainamo, iache hapo.

Sasa nyaya, na hapa Land Rover inataka akili. Series I, II na IIA za kabla ya 1967 hivi zilitoka kiwandani na ethi chanya. Koili za zamani za Lucas zimeandikwa SW kwa waya wa swichi na CB kwa waya wa distributa. Za baadaye zimeandikwa + na −. Kanuni ni hii: gari la ethi hasi, waya wa swichi uende kwenye + na wa distributa kwenye −. Gari la ethi chanya, waya wa swichi uende kwenye − na wa distributa kwenye +. Koili za Bosch zina namba: 15 ni swichi, 1 ni distributa, 4 ni waya mkuu.

Ukigeuza, gari litawaka. Ndiyo maana kosa hili hukaa kwenye gari miaka. Lakini cheche inapaswa kuruka kutoka ncha ya katikati ya plagi, ambayo ni ya moto zaidi, kwenda kwenye ukingo. Ikigeuzwa inahitaji volti nyingi zaidi kuruka umbali ule ule. Gari linamisi likibebeshwa mzigo, plagi zinakula upande usio wake, na koili inafanya kazi ya ziada siku zote. Land Rover nyingi za zamani zimegeuzwa kuwa ethi hasi na koili ikaachwa kama ilivyokuwa. Nenda kaangalie yako leo.

Angalia pia tundu la waya mkuu. Koili za Lucas za miaka ya nyuma zaidi hushika waya kwa skrubu yenye ncha inayotoboa waya. Za baadaye ni za kuchomeka tu. Ukitoka aina moja kwenda nyingine, waya mkuu nao ubadilishwe. Kuusukumiza wa zamani kwenye tundu jipya kunaacha mwanya ndani ambao huwezi kuuona, na huo ndio unaochoma kichwa cha koili.

Kama kuna kondensa ndogo ya kuzuia kelele za redio, iungwe upande wa swichi. Ikiungwa upande wa distributa inaongezeka juu ya kondensa ya pointi na kudhoofisha cheche. Waya wa mita ya mizunguko, kama ipo, ni upande wa distributa.

Vaa kofia ya mpira kwenye waya mkuu, ukipaka grisi kidogo ya silikoni ndani yake kama uko pwani.

Koili mpya isifungwe kwenye pointi mbovu. Kwa distributa ya Lucas ya Land Rover hii, mwanya wa pointi ni milimita 0.35 hadi 0.40. Beetle ni 0.40. Plagi za Land Rover ya 2.25 ziwe milimita 0.75 hadi 0.80. Futa fila geji kabla ya kuitumia; mafuta yake yakibaki kwenye pointi, yanaungua na kuacha utando mweusi usiopitisha moto.

Rudisha betri, washa, acha injini iungurume dakika 20. Zima, kisha gusa kopo, si tamino. Koili kuwa ya moto ni kawaida. Uweze tu kuishika sekunde chache bila kuondoa mkono kwa kishindo. Ikiunguza, rudi kwenye hesabu ya omu.

Kuitunza

Kila unapobadilisha oili, futa kichwa cha koili, kaza tamino, angalia mshono. Hiyo ni dakika tano. Ukiosha gari, usiruhusu mashine ya maji ya kasi ielekezwe kwenye koili na distributa. Zifunike kwa mfuko wa plastiki na ufute unyevu kabla ya kuwasha.

Mara moja moja, usiku usio na mbalamwezi, fungua boneti injini ikiwa inanguruma na uzime taa zote. Umeme unaovuja unajionyesha wenyewe: nukta za buluu zinazocheza kwenye waya za plagi, au ukanda hafifu kuzunguka kichwa cha koili. Hakuna kipimo cha mchana kinachokupa habari hiyo kwa urahisi huo.

Wanaoondoa pointi na kufunga moduli ya elektroniki ndani ya distributa wasome karatasi ya moduli inataka koili ya omu ngapi, maana kila moja ina kiwango cha chini isichoruhusu kushuka. Swichi kuachwa wazi huku injini imezimwa nako kunaua moduli hizo, tena haraka kuliko koili. Pointi, kondensa na rota ulizozitoa zifunge kwenye mfuko mkavu zikae ndani ya gari pamoja na koili ya akiba uliyokwisha kuipima, na juu ya koili hiyo uandike omu zake kwa kalamu isiyofutika.